Kidole Changu na Ulimi Wako

Hidaya mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi kwenye chai, kwa hiyo hapa siandiki salamu. Wewe na mama yako mmetoka kwenda kwenye maduka ya Wasomali kutafuta blanketi, na mimi nimebaki nyumbani nikisema nataka kupumzisha mguu. Sikupumzika. Nilichukua kalamu mara tu mlipopinda kona ya msikiti. Nataka nimalize kabla hamjarudi, maana mkirudi nitauona uso wako na nitashindwa.

Mambo ya Cape Town unakokwenda kusoma, upepo wake, chakula chake, watu wa kuamini na watu wa kukaa nao mbali, mama yako amekwisha kukuambia, na leo atayarudia mpaka usinzie. Mimi nataka kukuambia habari ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia. Najua umecheka. Cheka, lakini usiache kusoma, kwa sababu katika habari hii kuna jambo hulijui, na sitaki upande basi kesho bila kulijua. Kiswahili chako cha kusoma ni cha polepole. Soma kwa sauti, kama nilivyokufundisha, hata wenzako huko wakikushangaa.

Unaukumbuka ule ukuta? Nadhani unaukumbuka kwa namna ya mtoto. Mimi nitakuambia kwa namna yangu. Ilikuwa mwaka 2008, mwezi wa tano, tulipokuwa tunakaa kwenye vyumba vya mabati upande wa mashariki wa jiji hili hili. Watu walikuwa wanapita mlango kwa mlango wakitafuta wageni. Yule mama wa Kizulu aliyekuwa anakusuka nywele aligonga dirisha letu la nyuma. "Baba kaHidaya," akaniita, sauti ya chini, "tokeni sasa. Wako kwenye bomba la maji." Bomba la maji lilikuwa karibu kiasi kwamba tulizisikia fimbo zao zikigonga mabati.

Mama yako alipanda ukuta kwanza. Wewe, ingawa ulikwisha kuwa mkubwa wa kubebwa, nilikubeba mgongoni, ukanikaba shingo kwa mikono yote miwili mpaka nikawa sioni vizuri. Nilipoangukia upande wa pili, uzito wangu na wako ulishukia kidole kimoja, kikapinda chini ya mguu. Nilisikia kitu kimekatika kama kijiti kikavu. Sikupiga kelele. Tulikimbia.

Kesho yake, kwenye ukumbi walikotukusanya, kidole kilikuwa kama biringanya. Kulikuwa na wauguzi nje wanahudumia watu. Mama yako alinisihi niende kuwaonyesha. Nikamjibu, "Mama Hidaya, watu hapa wamepoteza nyumba, wengine wamepoteza watu wao, mimi nikapange foleni kwa ajili ya kidole?" Nilijiona mtu mwema siku hiyo. Nilidhani maumivu yana zamu, na zamu yangu ni ya mwisho. Nakuambia kwa sababu nimekuona nawe ukifanya hivyo hivyo: unajikata kidole jikoni, unauliza kwanza kama kuna mwingine aliyeumia. Umelirithi kwangu hilo, na si urithi mzuri.

Tukahamia Mayfair, nikapata kazi ya ulinzi kwenye maghala ya Midrand. Kusimama getini tangu asubuhi mpaka jua linazama, na zile buti zenye chuma mbele. Kile kidole hakikupona, kilinyamaza tu kwa muda. Kisha juu ya kiungo kikaanza kuota nundu ya mfupa. Ilianza kama punje ya maharage, ikakua. Kila hatua ninayopiga, kidole kinataka kukunja na nundu inakizuia. Nikajifunza kutembea kwa ukingo wa nje wa mguu. Baada ya muda goti likaanza kuuma, halafu nyonga. Wewe ulikuwa unaniuliza, "Baba, mbona unatembea kama baharia?" Nikakuambia ni buti.

Lakini palipokuwa panaumiza kuliko getini kwa zile buti ni msikitini. Unajua kikao cha tahiyatu: unakalia mguu wa kushoto, wa kulia unausimamisha, vidole vimekunjwa kuelekea kibla. Baba yangu alinifundisha kikao hicho kule kwetu Buyenzi nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa siku ya ukuta, na alikuwa akipita nyuma yetu akituweka sawa vidole kwa mkono wake. Sasa nikawa nikifika kwenye tahiyatu natokwa jasho. Naisubiri salamu kama mtu aliyezama anayesubiri kuibuka. Nikaanza kuswali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, ili nikae mguu pembeni bila mtu kuniona. Fikiria, Hidaya. Namwendea Mungu, na ninawaficha watu mguu.

Na kazini nilimficha Thabo, bosi wa zamu. Nilikuwa na hakika kwamba mlinzi anayechechemea anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Akipita, nasimama sawasawa na natabasamu. Akishapita, naegemea nguzo ya geti na macho yanalenga maji.

Wewe ndiye uliyenikamata. Mwaka 2012, tulikwenda pamoja Braamfontein, siku walipowaalika wanafunzi wa shule kuja kukiona chuo kikuu. Tulishuka kwenye basi, robot, ile taa ya barabarani, ikawaka kijani, tukaanza kuvuka. Katikati ya barabara kidole kilikataa. Si maumivu ya kawaida. Mguu mzima ulisimama. Robot ikageuka. Teksi moja ilikuja inapiga honi bila kupunguza mwendo, na wewe ukanivuta kwa ukosi wa koti mpaka tukaanguka kando. Ukaniambia kwa Kiswahili chako kile, "Baba, wewe unadanganya mguu wako!" Ulitaka kusema ninauficha. Lakini ulilosema ndilo lililokuwa kweli zaidi. Kuingia kwenye chuo hatukuingia tena siku ile. Ulinipeleka hospitali.

Yule daktari mrefu, mwenye sauti ya chini, aliweka picha ya eksirei kwenye taa. Hata mimi niliona. Pale mifupa miwili inapokutana, kwenye vidole vingine pana nafasi nyeusi safi. Kwangu palikuwa pamebanana, na juu yake lile pembe la mfupa. Alizungumza muda mrefu. Alionyesha kwa kalamu, akakunja kidole chake mwenyewe cha mkono, akakinyoosha kikawa kama kijiti, akatikisa kichwa, akazungumza tena. Nami nikakugeukia wewe, mtoto wa miaka kumi na sita mwenye sare ya shule.

"Anasemaje, Hidaya?"

"Anasema atatoboa tundu dogo tu. Hapasui mguu. Ataingiza kitu kinachozunguka, atasaga mfupa uliozidi. Jioni unarudi nyumbani. Utapona."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Baba."

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilijua. Mtu hasemi maneno ya muda wote ule, akakunja na kukunjua kidole, ili aseme utapona. Nilikuona unayachambua maneno kama mama yako anavyochambua mchele, mengine unayaweka pembeni. Na mimi nikakuacha. Niliona nafuu kutojua. Nikamtwika mtoto wangu mzigo wa yale maneno, nikatoka nje ya hospitali nimekunja ngumi mfukoni, nikikuuliza kama una njaa.

Siku ya upasuaji ilipofika, nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba, wewe umekaa kwenye viti vya nje. Muuguzi akaja kuangalia jina langu. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu. Aliposikia ninavyotamka akacheka, akaacha Kiingereza.

"Papa, balikuelezea vizuri?" akaniuliza. "Bakikuta mufupa imeharibika sana, itabidi bafunge hiyo kidole. Haitakunja tena. Na kuko mushipa ya kusikia karibu na pale, ikiguswa, kidole inaweza kufa ganzi. Unajua?"

Nilikaa kitako. Nakumbuka shuka lilianguka. Kidole kisichokunja: niliwaza tahiyatu, niliwaza mkono wa baba yangu, niliwaza geti. Nikasema, "Niitie binti yangu."

Ulipoingia ulimwona yule muuguzi, ukaniona mimi nimekaa, na ukajua. Hukungoja swali.

"Nilijua ungekataa," ukasema. Ukaanza kulia, na Kiswahili kikakukimbia, ukachanganya na Kiingereza na Kizulu. "Ungekataa, Baba! Ungesema ni kidole tu. Ungerudi getini. Siku nyingine mimi sipo, teksi inakuja, nani atakuvuta?"

Hasira nilikuwa nayo, siwezi kukuficha. Ilinipanda mpaka kwenye masikio. Lakini ilipofika mdomoni ilikuwa imegeuka, kwa sababu niliona mikono yako. Ulikuwa umejishika shingo mwenyewe kwa mikono miwili, vilevile ulivyonikaba siku ile juu ya ukuta. Nikaona kwamba kumbe tangu siku ile hujashuka mgongoni kwangu, isipokuwa tumebadilishana: sasa wewe ndiye unayebeba.

Nikamwambia muuguzi, "Mwite daktari. Sitaingia mpaka nisikie."

Daktari alikuja na kofia yake ya kijani. Watu walikuwa wanamngoja, lakini hakuonyesha haraka. Nikakuambia, "Kila neno, Hidaya. Hata likiwa baya. Hata usilolijua kwa Kiswahili, lizunguke mpaka nilione." Na ukafanya. Gegedu hukulijua jina lake, ukasema "ile mpira mweupe kwenye mwisho wa mfupa wa kuku." Nikaelewa papo hapo. Mpira wangu umelika. Kusaga nundu kutakipa kiungo nafasi ya kukunja, lakini hakutarudisha mpira. Huenda nikakaa vizuri miaka mingi, huenda ikawa michache. Yeye mwenyewe njia hii ya tundu dogo ni mpya kwake, amewafanyia watu wachache. Kidonda chake kinapona upesi, ila macho ya mpasuaji hayaoni ndani moja kwa moja, yanaona kwenye skrini. Ulipofika hapo ulinitazama, ukauliza kwa macho kama uendelee. Nikasema endelea.

Nikamwomba jambo moja: leo asafishe tu. Akikuta pameharibika, asifunge kidole, afunge tundu, tuzungumze nikiwa nimekaa kwenye kiti. Akakubali. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa ganzi ilikuwa ya mguu peke yake na mimi ningekuwa macho, akasema avishwe huyu binti nguo za mle ndani, akae kichwani pangu.

Wewe umesahau, unasema, kwamba uliogopa mle ndani. Mimi sijasahau. Walining'iniza kitambaa ili nisione mguu, lakini skrini niliiona: mifupa yangu ya kijivu, na kitu chembamba kama sindano ya kushonea magunia kikiikaribia. Kilipoanza kuzunguka, sikusikia uchungu, nilisikia mtetemo, unapanda kwenye muundi, kwenye goti, mpaka kwenye meno. Msaidizi alikuwa anamwagia maji ili mfupa usiungue. Daktari alikuwa anasimama, anabonyeza kidole, na uji mweupe wa mfupa unatoka kwenye lile tundu kama dawa ya meno. Wewe ndiye uliyeniambia. "Baba, unatoka uji." Nikasema alhamdulillah, nikidhani ndiyo mwisho.

Kisha kile kitu kikanyamaza. Daktari akasogea kwenye skrini. Akakikunja kidole, akakinyoosha, akakikunja tena. Akamwambia mwenzake neno fupi. Nilikutazama kwa chini, uso wako umefunikwa, macho peke yake.

"Anasemaje?"

Uligeuka ukaitazama skrini. Hidaya, kule kutazama kwako kulikuwa kurefu kuliko kukimbia kwetu usiku ule wa mabati. Niliwaza, akiniambia utapona, nitajua nimempoteza.

"Anasema pabaya kuliko picha," ukasema. "Nusu ya ule mpira haipo. Anasema nundu ameitoa yote na kidole kinakunja, kinakunja vizuri, lakini hajui kitadumu. Hataki kukudanganya. Anauliza, bado unasema asifunge?"

"Mwambie asifunge."

"Baba, una hakika?"

"Sina. Mwambie asifunge."

Ukamwambia. Na mkono wako ukashuka ukakaa kwenye paji la uso wangu mpaka waliposhona ule uzi mmoja. Nimelazwa na mama yangu, nimeuguzwa na mama yako, lakini sijawahi kushikwa vile.

Yaliyofuata unayajua. Ndala ile ngumu ya hospitali, uvimbe uliokaa mpaka nikachoka kuutazama, na wewe ukinikunja kidole kila asubuhi kabla ya shule, mimi naguna, wewe unasema "sharp, Baba," yaani vizuri, "mara moja tena." Thabo nilimweleza mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimechoka na siri. Alinitazama, akasema, "Eish, baba, miaka yote hii?" Akanihamishia kwenye kibanda cha kamera na akaniletea kiti kirefu. Ndicho nilichokuwa nakiogopa miaka yote: kiti. Nilikuwa nimekisaga kiungo changu kwa kumwogopa mtu ambaye sikuwahi kumuuliza. Sisemi kila bosi ni Thabo. Wengine wangenifukuza, na nawajua waliofukuzwa. Nasema tu sikuuliza.

Na siku moja, Ijumaa, nikakaa tahiyatu safu ya pili. Kidole kilikunja. Hakikukunja kama zamani, na kiliuma kidogo, lakini kilikunja, na salamu ikaja kabla sijaitamani.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Nasikia vishindo kwenye ngazi, si nyinyi, ni majirani. Naandika haraka.

Kidole kimerudi kuuma, Hidaya. Tangu majira ya baridi yaliyopita. Mama yako anajua. Nilimwomba asikuambie mpaka umalize mitihani, kisha mpaka matokeo yatoke, kisha mpaka chuo kikujibu. Kila mara kulikuwa na sababu nzuri. Kama ungejua, ungeomba chuo cha hapa hapa ili uendelee kuwa ulimi wangu, na masomo ya upimaji wa ardhi ya kule Cape Town uliyokuwa unayaota ungeyaacha. Kwa hiyo nilikuchambulia mchele na mimi. Sasa tumelipana, na sitaki tuendelee hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali peke yangu. Nilizungumza na yule daktari kwa Kiingereza changu cha getini. Nilimwambia, binti yangu hayupo, sema taratibu, sema yote. Nisipoelewa nilimsimamisha. Alichora. Mwisho nikamuuliza habari ya swala, na maneno yakaniishia, basi nikavua viatu nikakaa chini kwenye sakafu ya chumba chake nikamwonyesha tahiyatu. Akashuka na yeye, yule mrefu, akapiga magoti akautazama mguu wangu kwa karibu. Akaweka kidole chake chini ya changu, akapima namna ya kukiinua kidogo watakapokifunga, ili nisikikanyagie.

Ndiyo, watakifunga. Nimekubali. Mpira umekwisha wote. Watashika mifupa kwa skurubu iwe mmoja, na hakitakunja tena maisha yangu yote. Anatumaini maumivu yataisha. Hakuniahidi, na nilimheshimu kwa hilo. Imamu ameniambia nikae ninavyoweza, na Mungu haangalii vidole. Najua ni kweli. Bado nililia kidogo, kwenye basi la kurudi, nikiwa nimegeukia dirishani.

Upasuaji ni mwezi wa tatu. Wewe utakuwa darasani, na utabaki darasani. Nakuomba usije. Naogopa, sikufichi, kuna asubuhi naamka nikiwa nimekwisha kughairi. Lakini nitaingia kwa miguu yangu, na maneno yao nitayasikia kwa masikio yangu. Ukitaka kujua, piga simu uniulize, na nitakujibu lote. Nawe ukiumizwa huko, au ukishindwa, au ukipata la kukutisha, usinipimie ninachoweza kubeba. Nipe lote. Mimi ni baba yako, sijawa mzee wa kufichwa.

Hao, mmefika, namsikia mama yako akibishana na ufunguo. Barua hii naiweka chini ya nguo zako, utaikuta leo hii ukipanga. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kabla hatujatoka.

Kesho nitabeba sanduku lako mpaka stesheni ya basi, usininyang'anye. Nitakwenda polepole, nitasimama njiani, na sasa unajua kwa nini.

Baba yako